DHAMANA ISIYOVUKA BAHARI

Wasomaji wetu wapitao karibu na bandari ya Mombasa wameizoea safu ndefu ya motokaa zilizokwisha tumika, zikishushwa kutoka Japani. Katika safu hiyo siku hizi zimo pia motokaa za umeme, na iliyo mashuhuri kuliko nyingine ni Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Japani na Marekani mwezi wa Desemba, 2010. Mjini Nairobi motokaa hizo zilianza kubeba abiria wa teksi tangu mwaka 2018. Hazina bomba la moshi, hazibadilishwi oili ya injini, wala mwenye nayo hasikii uchungu petroli inapopanda bei. Hayo yote ni kweli, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini liko swali ambalo muuzaji hulipitia mbio mbio: chombo hiki kikiharibika, nani atalipa?

Kwa mnunuzi wa motokaa mpya jibu limeandikwa. Watengenezaji wengi hutoa dhamana mbili. Moja ni ya motokaa nzima, na aghalabu huisha baada ya miaka 3 au 4. Nyingine ni ya betri kubwa iendeshayo mota, nayo kwa kawaida ni ya miaka 8 au kilomita 160,000, lolote litakalotangulia. Katika Leaf nguvu ya betri huonyeshwa kwa vijisanduku 12 mbele ya dereva. Vikizimika 4 kabla ya muda kwisha, kampuni hutengeneza betri au huibadilisha.

Na tusidhani kwamba dhamana hiyo ilitolewa kwa ukarimu tu. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, waliona betri zao zikinyauka mapema mno. Betri ya Leaf za wakati ule haikupozwa kwa maji kama zilivyo nyingi za wenzake, bali iliachwa ipoe yenyewe. Watu wale walipiga kelele, shauri likapelekwa mahakamani, na kabla ya mwaka kumalizika mtengenezaji akatangaza dhamana mahsusi ya kupungua kwa nguvu ya betri. Sisi tukaao pwani hatuhitaji kuelezwa habari za joto.

Sasa msomaji na apige hesabu pamoja nasi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyozidi umri wa miaka 8. Mnunuzi wa kipato cha kati, kwa kuwa fedha zake ni chache, huagiza ya miaka 6 au 7. Maana yake ni kwamba motokaa hiyo inatia nanga Mombasa ilhali dhamana ya betri imebakiza mwaka mmoja au miwili tu. Na hata huo uliobaki si wake. Dhamana ya mtengenezaji hutolewa kwa nchi ambamo motokaa iliuzwa ikiwa mpya, kwa mawakala wa nchi hiyo. Motokaa imevuka bahari. Karatasi imebaki Japani. Mwananchi wetu ananunua kitu ambacho sehemu yake ya thamani kuliko zote haina mdhamini hata mmoja.

Hofu ya namna hiyo ina soko lake. Huko Marekani biashara ya kuuza dhamana ya nyongeza, yaani mkataba wa kulipia matengenezo baada ya dhamana ya kiwanda kwisha, ni ya siku nyingi, na yafaa tuitazame kabla haijatufikia kwa nguvu. Jarida la Consumer Reports lilipowauliza wasomaji wake mwaka 2013, asilimia 55 ya walionunua mikataba hiyo walikuwa hawajaitumia hata mara moja kwa matengenezo, na bei ya kawaida waliyolipa ilizidi kidogo dola 1,200. Mwezi wa Julai, 2024, kampuni ya CarShield, iliyojitangaza sana katika televisheni, ilikubali kulipa dola milioni 10 ili kumaliza shauri lililoletwa na tume ya serikali inayosimamia haki ya wanunuzi, kwamba matangazo yake yaliwaahidi watu ulinzi ambao mkataba haukuutoa.

Hatushangai. Mwenye kuuza mkataba huo hana budi kutoa katika ada moja gharama ya mafundi, ujira wa wachuuzi wake, matangazo, na faida. Kwa hiyo katika kila watu 100 wanaolipa, walio wengi lazima walipe zaidi ya watakachopata, la sivyo duka lingefungwa. Isitoshe, mikataba mingi haigusi betri kubwa, ambayo ndiyo inayomkosesha mtu usingizi. Na mingi humtoa mwenye kufanyia motokaa yake biashara. Dereva wa teksi, ambaye gari likisimama wiki moja watoto wake wanaona, ndiye anayeambiwa kwamba mkataba haumhusu!

Je, hakuna anayepata faida? Wapo. Katika motokaa za umeme si betri peke yake iliyo ghali. Kuna chaja iliyomo ndani, kuna chombo cha kugeuza umeme wa betri uifae mota, kuna pampu na mashine ya ubaridi, na kimoja kikifa aghalabu hubadilishwa kizima. Motokaa za Tesla Model S na Model X za miaka ya kwanza zilikuwa na kidude cha kumbukumbu cha gigabaiti 8 ambacho, kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, kilichakaa baada ya miaka 5 au 6. Kikifa, picha ya kamera ya nyuma hutoweka. Dhamana ya motokaa nzima ilikuwa ya miaka 4, basi wenye magari walijikuta wakilipa mifukoni mwao. Mwenye mkataba wa nyongeza hapo alicheka.

Lakini tuangalie lililofuata. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliitaka kampuni iyarudishe magari hayo, na magari kama 135,000 yakarekebishwa bila malipo. Mwaka ule ule General Motors ililazimika kuyaita magari yote ya Chevrolet Bolt, zaidi ya 140,000, kwa kuwa betri zake ziliweza kushika moto. Nyingi zikabadilishwa kwa gharama ya mtengenezaji na muuzaji wa betri. Kosa lililo kubwa lililipwa na aliyelifanya, kwa sababu palikuwa na dola yenye kumshika. Hiyo ndiyo dhamana iliyo bora kupita zote, wala hainunuliwi dukani. Nayo pia haikupanda meli.

Basi mnunuzi wetu afanye nini? Kwa maoni yetu, fedha ambazo angempa mwuza mkataba na aziweke akiba, na kabla ya hapo atumie sehemu ndogo kuipima betri. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, na programu ya simu iitwayo LeafSpy, inayosoma afya ya betri seli kwa seli. Vijisanduku 12 peke yake visiaminiwe. Wako wajanja wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijisanduku vyote vikawaka kwa majuma machache, kisha vikaanza kuzima mnunuzi akiwa amekwisha lipa.

Akumbuke pia kwamba betri si jiwe moja. Ile ya Leaf ya kwanza, ya kilowati-saa 24, ina vifurushi 48, na mara nyingi kilichoharibika ni kimoja au viwili. Mwaka 2014 Nissan ilitangaza Marekani bei ya dola 5,499 kwa betri nzima mpya, baada ya kurudisha ile kuukuu. Fundi ajuaye kazi huweza kubadilisha kifurushi kibovu kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Tatizo ni huyo fundi. Umeme uliomo ni wa volti zipatazo 360, wenye kuua, wala haufunguliwi chini ya mwembe kwa bisibisi na ujasiri. Huhitaji glavu za mpira za kazi hiyo, vyombo vyenye kuzuia umeme, na mafunzo. Na vyuo vyetu vya ufundi vingali vinawafundisha vijana wengi zaidi kusafisha kabureta, ambayo motokaa mpya zimekwisha iacha zamani.

Mpaka mafundi hao wapatikane kwa wingi, mnunuzi na aende kwenye uwanja wa magari akiwa na kifaa chake mfukoni. Aombe kukichomeka, kisha aiendeshe motokaa nusu saa, na mlima aupande. Muuzaji akikataa kifaa kisichomekwe, na amrudishie funguo.