Bolti ya Kumi na Saba: Jina, Kipimo na Nguvu

Kibuyuni, kijiji cha pwani kilicho karibu na Shimoni katika Kaunti ya Kwale, kinafahamika zaidi kwa kilimo cha mwani. Hata hivyo wavuvi wake, kama wenzao wa Wasini na Msambweni, wanategemea pia kitu kidogo kisichoandikwa sana: bolti zinazoishikilia mashine kwenye tezi ya mashua. Bolti moja ikikatika wakati wa kusi, mashine hulegea na chombo hakishiki tena njia. Zikikatika zote, mashine huenda chini na watu hubaki wakichukuliwa na mkondo. Makala haya yanaeleza namna bolti inavyochaguliwa kwa nguvu yake, na kwa nini lugha ya gereji haitoshi kwa uchaguzi huo.

Mara nyingi gerejini bolti huitwa kwa namba ya spana inayoifungua. Anayeomba "bolti ya kumi na saba" anataja upana wa kichwa, yaani milimita 17. Shina la bolti hiyo kwa kawaida lina milimita 10. Lakini shina hilohilo hutengenezwa pia likiwa na kichwa cha 16, na jina lenyewe halisemi lolote kuhusu chuma kilichotumika. Ni sawa na kumwita mtu kwa ukubwa wa kofia yake. Hata neno kongwe parafujo, tulilolipata kwa Wareno, linataja umbo tu.

Habari za nguvu zimechapwa kichwani mwa bolti yenyewe: 4.6, 8.8, 10.9 au 12.9. Wengi huzisoma kama desimali, ilhali ni namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta. Ya kwanza, ikizidishwa kwa 100, hutoa mvuto wa kuikata bolti, kwa nyutoni kwa kila milimita mraba ya chuma. Ya pili huonyesha ni sehemu ngapi katika kumi za mvuto huo ambazo bolti huzistahimili kabla ya kunyooka isirudi. Kwa hiyo daraja la 8.8 hukatika kwenye 800, na hunyooka kabisa kwenye 640. Bolti ya shina la milimita 10 ina eneo la chuma la milimita mraba 58 hivi penye nyuzi zake. Ikiwa ya 8.8, hubeba takriban tani 3.8 kabla ya kunyooka. Ya 4.6, yenye sura ileile na spana ileile, haifiki tani moja na nusu. Bolti za inchi za mtindo wa Marekani hutumia mistari badala ya namba: mitatu hukaribia 8.8, sita hukaribia 10.9.

Hapa ndipo neno "ngumu" linapopotosha. Fundi husifu "bolti ngumu" akikusudia sifa tatu kwa pamoja: kustahimili mvuto, kutokwaruzika, na kutokatika ghafla. Sifa hizi haziendi sambamba. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo chuma kinavyopunguza kunyumbuka, na bolti ya 12.9 huweza kukatika bila kutoa dalili. Tena, ikifungwa ndani ya aluminiamu, ambayo ni laini kuliko yenyewe, zinazong'oka ni nyuzi za mashine, na hasara huwa kubwa zaidi. Baadhi ya mashine ndogo za boti zina pini ya rafadha iliyofanywa laini kwa makusudi: rafadha ikigonga mwamba, pini hukatika na gia husalimika. Anayeweka msumari wa chuma kigumu mahali pake ameondoa kinga. Kanuni ni kurudisha daraja lilelile lililotolewa, si kupanda wala kushuka.

Bahari nayo ina hoja yake. Bolti nyeusi ya 8.8 isiyopakwa kitu huliwa na kutu upesi, na namba ya kichwani hubaki ikisifu chuma kisichokuwepo tena. Kwa maji ya chumvi hufaa chuma kisichoshika kutu chenye alama A4-70. Hicho hukatika kwenye 700 na hunyooka kwenye 450, hivyo ni dhaifu kuliko 8.8, na huenda shina nene zaidi likahitajika. Kikigusana na aluminiamu penye maji ya chumvi, ni aluminiamu inayoliwa. Mafundi waangalifu hupaka grisi ya majini kati ya metali hizo mbili.

Linabaki suala la kukaza, ambalo pengine huua bolti nyingi kuliko daraja baya. Bolti hufanya kazi kama springi: ikikazwa hunyooka kidogo na kuvibana vitu viwili visisogee. Ikilegea, kila mtetemo wa mashine huivuta na kuiachia, hadi chuma kichoke. Iliyokatika kwa uchovu hutambulika. Uso wake huwa na mistari iliyopinda, mfano wa ile inayoachwa mchangani na maji yanapokupwa, na kando yake kipande kidogo chenye chengachenga, ndicho kilichokatika mwisho. Fundi anayeiona alama hiyo hana haja ya kwenda kununua bolti ya 12.9. Anunue daraja lilelile, aweke nati isiyolegea, na airudie kwa spana baada ya safari ya kwanza.