Baridi Inapojaza Mabwawa ya Uingereza

Mwanzoni mwa Januari, kusini magharibi mwa Uingereza, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na nusu jioni. Miti imepukutika majani na mashamba yamelowa. Kwa wapenzi wa ndege, huu ndio msimu wenyewe.

Huko Aktiki ya Urusi maji yameganda na malisho yamefunikwa na theluji. Uingereza, inayopata vuguvugu la bahari ya Atlantiki, huwa na maji yasiyoganda kwa muda mrefu. Ndiyo maana bata, bata bukini na batamaji hukimbilia huko kwa maelfu.

Watazamaji wengi huanzia Slimbridge, kando ya mto Severn, hifadhi iliyoanzishwa na Peter Scott mwaka 1946. Watu hujibanza kimya ndani ya vibanda vyenye vidirisha vyembamba, darubini mkononi. Mgeni anayengojewa kwa hamu kubwa ni batamaji wa Bewick, aliyesafiri takriban kilomita 3,500. Mtazame mdomo: ni wa njano karibu na macho na mweusi kuelekea ncha, na michoro ya rangi hizo hutofautiana kati ya ndege mmoja na mwingine. Tangu mwaka 1964 Scott na familia yake waliichora midomo hiyo, wakamtambua kila ndege na kumpa jina. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, na imeonyesha kwamba dume na jike hurudi pamoja miaka nenda miaka rudi, wakiongozana na makinda yao.

Alasiri ni zamu ya Chew Valley, bwawa lililofunguliwa mwaka 1956 ili kulipatia maji jiji la Bristol. Vibisi wenye shungi huzama wakisaka samaki na kuibukia mbali. Giza likikaribia, shakwe kwa maelfu hutua majini kulala.

Wingi huo usimdanganye mtu. Kaskazini magharibi mwa Ulaya, batamaji wa Bewick walikuwa takriban 29,000 mwaka 1995. Kufikia mwaka 2020 walibaki kama 13,000. Bila watu wa kuwahesabu, upungufu huo usingejulikana.

Januari hiyohiyo, ndege wa majini huhesabiwa pia katika maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya, na wahesabuji wengi ni watu wa kujitolea. Ewe unayeishi karibu na ziwa au bwawa, jiunge nao.