Je, Wajua? Gitaa la Ndoto Kabla ya Ndoa

Je, wajua kwamba muziki wa asili wa Wamasai hauna ala ya nyuzi hata moja? Nyimbo zao hubebwa na koo. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, huanzisha, wenzake humjibu kwa mngurumo wa kifuani, na miruko hufanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na ngoma. Ala inayopulizwa ni pembe ya tandala, nayo haisikiki kila siku. Hutolewa kwenye shughuli kubwa kama Eunoto, sherehe inayomvusha morani kuelekea umri wa kuoa. Mwaka 2018, kwa maombi ya Kenya, UNESCO iliiweka Eunoto pamoja na sherehe za Enkipaata na Olng'esherr kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Kwa hiyo kijana wa Kimasai wa Wasso au Loliondo anayetamani gitaa kabla hajaanzisha familia hana babu wa kumuuliza lipi zuri. Atamuuliza mpiga gitaa wa kwaya, naye atamsifia la kwake. Ukurasa huu ni wa kijana huyo, na wa mchumba wake pia, maana fedha inayozungumzwa hapa ingeweza kabisa kuwa mtamba.

Je, wajua kwamba Loliondo ni jina la mbao vilevile? Nchi nzima ililishika jina hilo mwaka 2011 kwa sababu ya kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile wa Samunge, kilichotolewa kwa shilingi 500. Wauza mbao walikuwa nalo zamani. Loliondo ni ndugu wa mzeituni anayeota kwenye misitu ya milimani, mbao yake ni nzito, ya kahawia yenye michirizi ya giza, na husifiwa kwa sakafu.

Ila mti wa Tanzania unaotajwa zaidi na mafundi wa ala duniani ni mpingo. Ni mzito kiasi kwamba kipande chake hutumbukia majini kikazama. Klarineti na obo nyingi nzuri za Ulaya zimechongwa kwa mpingo, na wapo mafundi wanaoutumia kwa migongo na mbavu za magitaa ya bei kali. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko Kilwa ilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu, jambo ambalo misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji ilikuwa haijalipata popote Afrika. Halafu ikaja kizaazaa: Januari 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliwekewa masharti ya biashara chini ya mkataba wa CITES, na wauza magitaa wakawa wanazunguka na vibali kama wasafirisha nyara. Masharti hayo yaliondolewa kwa ala zilizokwisha kutengenezwa Novemba 2019, isipokuwa zile za Dalbergia nigra wa Brazili, mti uliofungiwa tangu 1992.

Na mninga, huo huo wa kitanda cha maharusi, nao hutengenezewa magitaa.

Lakini usikimbilie jina la mti. Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres, ambaye umbo la gitaa la nyuzi laini tunalolijua leo kwa sehemu kubwa ni lake, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za makaratasi magumu. Mbele tu ndipo alipoweka ubao wa kweli. Alitaka kuonyesha kwamba sauti huzaliwa kwenye ule ubao wa mbele wenye tundu, na si kwenye mgongo. Gitaa hilo lipo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Muziki, Barcelona. Mnunuzi mwenye akiba ndogo angefaa kulikumbuka kila anapoonyeshwa mgongo unaong'aa. Muulize muuzaji jambo moja: ubao wa mbele ni kipande kimoja cha mti kwenda chini, au ni plaiwudi? Usingoje jibu lake. Tazama ukingo wa tundu. Mistari ya mti ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya ukingo, ni ubao halisi. Ukiona matabaka kama ya mkate wa biashara, ni plaiwudi, na bei ishuke.

Je, wajua kwamba gitaa lina deni kubwa kwa wafugaji? Kabla ya miaka ya 1940 nyuzi nyembamba za gitaa la Kihispania zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo na mbuzi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, utumbo ukahitajika hospitalini kwa kushonea majeruhi, nyuzi zikaadimika, na huko New York fundi Albert Augustine akageukia nailoni, kwa kutiwa moyo na mpiga gitaa Andrés Segovia. Si utumbo tu. Gundi ya jadi ya mafundi wa magitaa huchemshwa kutoka kwenye ngozi za wanyama. Na vile vijiti viwili vyeupe vinavyobeba nyuzi, kimoja kichwani na kingine kwenye daraja, kwenye gitaa zuri ni mfupa wa ng'ombe. Kwenye gitaa la bei rahisi ni plastiki. Hapo mtu wa Loliondo ana bahati yake. Kubadilisha plastiki kwa mfupa ni mojawapo ya marekebisho ya bei ndogo yanayoweza kuboresha sauti, na mifupa ya ng'ombe wilayani Ngorongoro haijawahi kuwa bidhaa ya kuagizwa. Kinachohitajika ni tupa, msasa na uvumilivu.

Tukiwa kwenye nyuzi: nyuzi sita za chuma zilizokazwa sawasawa huvuta gitaa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Za nailoni huvuta kwa kilo 40 hivi. Ndiyo maana gitaa lililoundwa kwa nailoni likifungwa nyuzi za chuma, eti lipate kelele, daraja lake huanza kunyanyuka na ubao wa mbele kuvimba. Magitaa mengi ya kwaya zetu yamekufa kifo hicho, na marehemu akasingiziwa kuwa alikuwa feki.

Je, wajua sheria inasemaje kuhusu gitaa la kapera? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke. Ulilonunua kabla ya ndoa linabaki lako. Yapo maelezo zaidi kwenye kifungu cha 114: mali ya kabla ya ndoa iliyoboreshwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, na mwenzako au kwa nguvu zenu wote, inaweza kuhesabiwa kati ya zile za kugawanywa mkiachana. Sheria hiyo hiyo inasema ndoa haiwi batili kwa sababu tu mahari haijalipwa. Usiende na habari hiyo kwa baba mkwe. Na kifungu cha 63 kinampa mume wajibu wa kumpatia mke malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake, nyuzi hazikutajwa.

Ugomvi wa fedha, gitaa na ndoa si mpya Afrika Mashariki. Wimbo wa Malaika, uliotangazwa na Fadhili William wa Kenya na ambao utunzi wake umegombaniwa kwa miaka mingi, ni malalamiko ya kijana aliyekwamishwa na ukata asioe. Umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M, ukazunguka dunia nzima, na kijana wa ndani ya wimbo bado hajaoa.

Je, wajua walianzia na magitaa gani, hawa tunaowasifu? Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa 1938 na kukulia Kinshasa, gitaa lake la kwanza alijiundia mwenyewe kwa bati na nyaya. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, na ule wimbo wake Masanga alioupiga kwa gitaa kavu, kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, ukaja kuandikwa nota na wasomi kana kwamba ni kazi ya vidole kumi. Wapiga gitaa kavu wa enzi hizo, Kongo na Kenya, walipotaka kupandisha sauti walifunga penseli shingoni mwa gitaa kwa uzi au mpira. Pembeni mwenzao alikwaruza chupa ya Fanta ile yenye mikunjo. Hiyo ndiyo ilikuwa bendi.

Mbaraka Mwinshehe naye, aliyekuwa na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, Japani, alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu, na solo zake bado zinaigwa kila ukumbi wenye muziki wa zamani.

Nimpendaye zaidi katika habari hizi ni mwenzake mzaliwa wetu mmoja. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Mpiga gitaa wa bendi yake ya Queen, Brian May, alikuwa kijana asiye na fedha ya kununua gitaa la Marekani alilolitamani. Mwaka 1963 yeye na baba yake Harold walianza kulitengeneza nyumbani. Shingo ilitoka kwenye mbao kuukuu ya mahali pa kuotea moto. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki chakavu. Vidoti vya shingoni ni vifungo vya nguo, na ncha ya mkono wa kutikisa nyuzi ni ya sindano ya kufumia. Ndilo alilopiga juu ya paa la Kasri la Buckingham mwaka 2002, na badala ya kipande cha plastiki hukung'uta nyuzi kwa sarafu ya peni sita. Kwa kulinganisha, gitaa la Kurt Cobain lililouzwa mnadani mwaka 2020 lilimtoa mnunuzi dola 6,010,000. Hapo tumetoka kwenye muziki, tumeingia kwenye mambo mengine.

Je, wajua kwamba Yamaha ya magitaa na Yamaha ya pikipiki na injini za boti zimetoka nyumba moja? Torakusu Yamaha alianza na kinanda mwaka 1887. Pikipiki ya kwanza ilikuja 1955. Ile alama yenye matawi matatu ni uma tatu za kutafutia sauti. Mvuvi wa Ziwa Viktoria anasukumwa na nembo ya muziki.

Tena: umbo kubwa la gitaa linaloonekana kila duka, lenye kiuno kipana, lilitolewa na kampuni ya Martin mwaka 1916 likapewa jina la manowari ya Waingereza, Dreadnought. Ni zuri uwanjani. Kwa mtu anayetarajia kulipiga amekaa kitandani, mtoto mchanga amelala upande wa pili, ningeshauri umbo dogo na nyuzi za nailoni. Wala usidhani mtoto hasikii. Watafiti wa Helsinki walichapisha mwaka 2013 matokeo ya akina mama waliosikilizisha mimba zao wimbo mmoja wa watoto katika miezi ya mwisho. Ubongo wa watoto hao ulionyesha kuitambua tuni hiyo walipozaliwa, na hata walipofika miezi minne.

Umeme na amplifaya? Bomani kwenye taa ya sola, gitaa kavu halina mpinzani. La umeme acha kwaya inunue. Ukitaka kusoma muziki kwa vyeti bila kwenda mbali, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kina shahada ya muziki.

Iliyobaki ni safari. Njia ya Mto wa Mbu, Engaruka na Engaresero inapita bondeni karibu na Ziwa Natron, penye joto na vumbi, kisha inapanda hadi kwenye baridi ya Loliondo. Gitaa kavu hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Mbao ikikauka ghafla hupasuka, na gundi ikipata joto kali hulegea. Kwa hiyo legeza nyuzi kidogo, lifunge kwenye boksi gumu, na likae nawe ndani ya basi, siyo juu ya keria pamoja na magunia na mbuzi.

Kabla hujalipa, bonyeza uzi kwenye freti ya 12, ambayo ndiyo katikati kamili ya uzi, uugonge. Kisha uguse tu hapo hapo bila kubonyeza, uugonge tena. Sauti mbili hizo zikitofautiana, rudisha gitaa mahali pake uombe jingine. Zikifanana, nunua na seti mbili za nyuzi za akiba, na udai risiti yenye tarehe.