Chimbuko la Hadithi ya Gharika: Ushahidi wa Vibao vya Udongo

Hadithi ya mtu mmoja aliyeokoka ndani ya chombo wakati dunia ilipofunikwa na maji ni mashuhuri kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu, nayo imesimuliwa pia na Wagiriki na Wahindi wa kale. Makala haya yanadhamiria kufuatilia chimbuko la hadithi hiyo katika nchi ya Mesopotamia, ambayo sehemu yake kubwa ni Iraq ya leo, na kuonyesha jinsi njia iliyotumiwa na wachunguzi wake inavyoweza kumfaa mtaalamu wa fasihi simulizi ya Afrika. Hoja kuu ni kwamba kufanana kwa jumla hakuthibitishi kuwa hadithi moja imetokana na nyingine. Kinachothibitisha ni yale mambo madogo ambayo msimulizi angaliweza kuyaacha na hadithi yake isipungukiwe na kitu.

1. Vibao vya Ninawi

Mnamo tarehe 3 Desemba 1872, George Smith wa Makumbusho ya Uingereza aliwasomea wanachuoni wa London tafsiri ya kibao cha udongo kilichofukuliwa katika magofu ya Ninawi. Kibao hicho kilikuwa cha maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru katika karne ya 7 K.K., nacho ni cha 11 kati ya vibao 12 vya Utendi wa Gilgamesh. Humo mzee Uta-napishti anasimulia jinsi mungu Ea alivyomwonya kwa kuusemesha ukuta wa matete, akaunda chombo, akapakia jamaa zake na wanyama, na tufani ikavuma siku sita na nyusiku saba. Chombo kilipokwama mlimani alimtoa njiwa, kisha mbayuwayu, nao wakarejea. Alipomtoa kunguru, hakurudi.

Ndege hawa ndio waliozua mjadala. Watu wawili wanaokaa kando ya mito miwili tofauti wanaweza kubuni kila mmoja hadithi ya mafuriko. Lakini si rahisi wote wawili wabuni pia mlima, njiwa na kunguru, kisha sadaka inayotolewa baada ya kushuka, kama ilivyo katika Kitabu cha Mwanzo.

2. Tabaka za masimulizi

Hata hivyo, kibao cha Ninawi si mwanzo. Katika utendi huo sababu ya gharika haitajwi kabisa. Gilgamesh anatafuta siri ya kutokufa, na kisa cha maji kinaletwa ili kueleza jinsi mtu mmoja alivyoipata. Zaidi ya hayo, mahali pawili katika kibao hicho shujaa haitwi Uta-napishti bali Atrahasis. Jina hilo ni kama chapa ya mwenye mali iliyosahauliwa kufutwa.

Mwenye mali huyo anajulikana. Utendi wa Atrahasis, uliochapishwa kwa ukamilifu zaidi na Lambert na Millard mwaka 1969, umehifadhiwa katika nakala ya karne ya 17 K.K., yaani takriban miaka elfu moja kabla ya maktaba ya Ninawi. Humo kisa kina sababu na matokeo. Miungu waliwaumba wanadamu ili wawafanyie kazi. Wanadamu wakaongezeka, na kelele zao zikamnyima usingizi mungu Enlil. Akaleta maradhi, kisha ukame na njaa, na mwishowe gharika. Baada ya maji kupungua, miungu waliokuwa wamekosa sadaka wakatambua hasara yao, wakaamua kudhibiti uzazi kwa utasa na vifo vya watoto wachanga. Hapa gharika si pambo. Ni jibu la swali zito la kwa nini maisha ya binadamu yamewekewa mipaka.

Kwa lugha ya Kisumeri kuna kibao kingine, kilichotoka Nippur na kuchapishwa na Arno Poebel mwaka 1914, ambacho shujaa wake ni Ziusudra. Jina hilo lilidumu: Berossus, kuhani wa Babeli aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 3 K.K., anamwita Xisouthros. Mnamo mwaka 2014 Irving Finkel alieleza kibao kingine cha Kibabeli ambacho chombo chake ni cha mviringo, cha kamba zilizosukwa na kupakwa lami, mithili ya vyombo vilivyotumika katika mito ya Iraq hadi karne ya 20.

3. Ushahidi wa ardhi

Mito ya Tigris na Euphrates hufurika majira ya kuchipua, theluji ya milimani inapoyeyuka. Leonard Woolley, akichimba Uru mwaka 1929, alikuta tabaka nene la tope lisilo na dalili ya makazi, akalihusisha na gharika ya Nuhu. Lakini tabaka za namna hiyo zilizokutwa Kish na Shuruppak ni za wakati mwingine, na Eridu, ulio karibu na Uru, haukuwa na tabaka hilo. Yaelekea kwamba mafuriko yalikuwa mengi na kila moja la mahali pake. Watunzi ndio walioyafanya kuwa gharika moja ya ulimwengu mzima.

4. Safari ya hadithi na ya maneno

Kipande cha Utendi wa Gilgamesh kimepatikana Megiddo, katika nchi ya Kanaani, na cha Atrahasis kimepatikana Ugarit, pwani ya Shamu. Vyote ni vya kabla ya mwaka 1100 K.K. Njia ya kuelekea magharibi basi ilikuwa wazi.

Kwa Waswahili ushahidi wa njia umo ndani ya lugha yenyewe. Maneno gharika, tufani na safina yote ni ya asili ya Kiarabu, na mawili ya mwisho yanapatikana katika habari za Nuhu ndani ya Kurani. Tafsiri za Biblia zilipokuja ziliyakuta maneno gharika na safina tayari, zikayatumia. Tufani, kwa upande wake, lilihamia kwa mabaharia likawa dhoruba ya kawaida.

Kisa cha Wamaasai kinadai uangalifu zaidi. Mwaka 1904 Merker, afisa Mjerumani, alichapisha hadithi ya Tumbainot, mwadilifu aliyeokoka ndani ya chombo cha mbao, akamtoa njiwa, kisha tumbusi aliyefungiwa mshale mkiani, na mwishowe akaona pinde za mvua. Merker alishikilia kwamba Wamaasai walitokana na Wasemiti. Kwa kipimo kilichotajwa, njiwa na upinde wa mvua vinaelekeza kwenye Biblia; lakini hadithi husafiri kwa mdomo wa mgeni mmoja, bila damu ya taifa kuhama pamoja nayo. Mshale wa tumbusi, ambao ulinasa alipotua juu ya mzoga, ni wa Wamaasai wenyewe, watu wa mifugo wanaomjua ndege huyo.

5. Hitimisho

Imebainika kwamba hadithi ya gharika ina tabaka, na kwamba kila tabaka liliitumia kwa haja yake. Kwa hiyo mkusanyaji wa fasihi simulizi hana budi kuandika nani alisimulia, lini, na alikuwa amesikia nini kabla. Akiyaacha hayo, ukopaji wa juzi utasomwa kama urithi wa kale, na ubunifu wa wenyeji utahesabiwa kuwa mali ya wengine.