Rubani Anapoghairi Kutua

Wakati wa masika, mvua inapoifunika pwani kutoka Bagamoyo hadi Kunduchi, nahodha asiyeiona alama ya nchi kavu halipitishi jahazi lake kati ya miamba. Hurudi kwenye maji marefu akangoja. Rubani aendaye Dar es Salaam naye anayo sheria kama hiyo. Hushuka mawinguni akiongozwa na mitambo, lakini hadi kimo kilichowekwa tu. Aghalabu kimo hicho ni futi 200, yaani mita 60 hivi. Akifika hapo bila kuziona taa wala njia ya kurukia ndege, sharti apande tena, kwani hadi ardhini zimebaki sekunde 20 hivi.

Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia.

Basi ndege ikipaa tena ghafula, tusimnung'unikie rubani. Wanaotungoja nyumbani wanataka tufike, hata kama tutachelewa.