Makupa hakuna nyaya, Likoni lazima ziwepo: Unajua ni kwa nini?

Ukipanda matatu ya kutoka mjini kwenda Changamwe, chungulia dirishani kabla hujafika Kibarani. Wakati wa nyanyako, pale hapakuwa na daraja. Kulikuwa na tuta la mawe na udongo, lililojengwa mwaka wa 1929. Gari zilipita sawa, lakini maji ya hori ya Tudor na yale ya upande wa Port Reitz yakawa yamekatwa, hayakutani. Pembeni nalo likakua dampo la Kibarani, lililofungwa 2018.

Daraja la Makupa, lililogharimu takriban Sh4.5 bilioni, lilifunguliwa 2022. Lengo lilikuwa maji yapite tena, samaki na mikoko ipumue.

Sasa wewe mpenda picha utauliza: mbona letu halina nyaya kama la Jinja? Zile trela unazopishana nazo Kibarani zikienda Kampala huvuka Mto Nile juu ya daraja la nyaya la mita 525, lililofunguliwa 2018. Kabla yake zilipita juu ya bwawa la Owen Falls, la tangu 1954.

Jibu ni rahisi. Mnara mrefu hushika nyaya, nyaya hubeba barabara, na katikati hubaki wazi bila nguzo. Makupa hakupiti meli kubwa, kwa hivyo nguzo fupi zinatosha. Kwa nini ulipie nyaya za bure?

Likoni ni stori nyingine. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita palepale feri inapovukia. Ndiyo maana daraja linalopangwa huko kwa msaada wa Japani ni la nyaya, tena la juu sana.

Na hii si mambo ya urembo. Kama unaishi Likoni, unajua feri ikikwama kazini umeshachelewa. Wazee watakukumbusha pia Aprili 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na zaidi ya watu 270 wakafariki.

Kwa hivyo mwanasiasa akija mtaani kwenu kuahidi daraja, usishangilie picha tu. Muulize: maji yatapita wapi, meli zitapita wapi, na sisi tutaanza kuvuka lini?