Mshale wa Mkamba: Ustadi uliogeuka kosa la jinai

NDOVU mashuhuri Satao alipouawa katika mbuga ya Tsavo Mashariki mnamo Mei 2014, hakuangushwa na risasi bali na mshale wenye sumu. Kisa hicho kilidhihirisha kwamba silaha hii ya kale ingali hai.

Katika Kitui na Makueni, zinazopakana na Tsavo, mwindaji wa Kikamba hakutegemea nguvu za uta pekee. Uta wake ulikuwa mdogo kuliko ule wa jirani zake Waliangulu, hivyo ilimbidi amnyemelee mnyama hadi karibu kabisa. Mshale nao uliundwa kwa kuzingatia umbali huo mfupi.

Kigumba hakikukazwa kwenye wano moja kwa moja, bali kilishikizwa kwa kijiti kilichochomekwa mwishoni mwake. Mnyama alipotimka, wano lilidondoka huku kigumba na sumu vikisalia mwilini. Sumu ilifungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi ili isikauke njiani wala kumdhuru mwenye podo.

Sumu hiyo hutokana na mti wa msunguti. Kiini chake, wabaini, kilitengwa na mwanakemia Mfaransa Arnaud mnamo 1888. Huvuruga mapigo ya moyo hadi ukasimama, na ndiyo sababu jeraha dogo hutosha kumwangusha ndovu, mradi sumu iwe haijapoteza makali.

Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mnamo 1948, wengi waliokuwa wawindaji waligeuka majangili katika nyika walimowinda babu zao. Kati ya 1956 na 1957, msimamizi wa Tsavo Mashariki, David Sheldrick, na wenzake waliendesha msako mkali dhidi yao. Hatimaye mnamo 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji kote nchini.

Leo, mkulima wa Kibwezi au Mutomo ambaye shamba lake limeharibiwa na ndovu hutakiwa kupiga ripoti kwa Shirika la Wanyamapori (KWS) na kudai fidia chini ya sheria ya 2013, wala si kutwaa uta. Fidia inapokawia, uchungu wake hueleweka. Hata hivyo, mshale uliomuua Satao haukulinda shamba wala kutia nyama chunguni. Zilizotafutwa ni pembe, na faida ya pembe huishia mbali sana na Ukambani.